Abdurrahman bin Auf: Tajiri Aliyelia Mbele ya Chakula

Ndugu zetu Waislamu, leo tunamkumbuka Swahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Mwaka 622 alihama Makka akaingia Madina mikono mitupu. Mtume (S.A.W.) alimuunga udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko tu. Akafanya biashara ya samli na jibini, na muda si mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Hatimaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina, na mtoaji mkubwa.

Siku moja, akiwa amefunga, aliletewa chakula. Akamkumbuka Mus'ab bin Umayr (R.A.), shahidi wa Uhud, aliyezikwa mwaka 625 kwa shuka fupi: kichwa kikifunikwa, miguu hubaki wazi. Abdurrahman akahofia asije akawa amelipwa mema yake hapa duniani. Akalia, chakula akakiacha.

Alifariki mwaka 32 Hijria. Kazi ya halali humwepusha mja na kuombaomba, lakini moyo wa mwenye mali hautulii mpaka ajue ameitanguliza wapi. Tuwalee watoto wetu juu ya yote mawili. Allah atujaalie riziki ya halali na moyo wa kukinai. Amin.