Robert Koch: Daktari wa Wilaya Aliyefika Amani

Mimi nasoma uzamili wa afya ya jamii huku nikishika zamu Tanga, na mtu ninayemfikiria sana ni Robert Koch. Jamaa alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Kuanzia 1872 alikuwa daktari wa wilaya tu, kule Wollstein. Maabara ya chuo hakuwa nayo. Akishatibu wagonjwa, anachunguza kimeta nyumbani kwake. Mwaka 1876 akachapisha matokeo, na 1882 akatangaza kijidudu cha kifua kikuu.

Mwaka 1905 alikuwa huku kwetu, Amani, milima ya Usambara, akichunguza mbung'o. Homa ya papasi nayo aliifuatilia mpaka ndani ya mayai ya papasi. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel.

Ila ya Ssese, Uganda, tusiyafiche. Mwaka 1906 na 1907 aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili. Alipoongeza dozi, baadhi wakapofuka. Alifariki 1910.

Wenzangu, maswali ya utafiti tunayo tayari, yako wodini na zahanati. Lakini kabla hujaanza kukusanya data, jiulize: nikikosea, ataumia nani? Kule Ssese waliumia wagonjwa.