John Scott Haldane: Daktari Aliyevuta Sumu Ili Wengine Wapumue

 

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, mara hii tunamsoma mtu wa hapa hapa Uingereza, mwana wa Uskoti aliyefariki miaka mingi kabla baba na mama zenu hawajazaliwa. Nimemchagua kwa sababu ya majira haya. Hita na boila za gesi zinawaka usiku na mchana majumbani mwetu. Mengi tunayoyajua leo kuhusu hatari yake, yeye aliyajua kwa kuivuta hewa ya sumu kwa mapafu yake mwenyewe. Jina lake ni John Scott Haldane.

Utoto na masomo

Haldane alizaliwa mwezi wa Mei 1860 katika mji wa Edinburgh. Ukoo wake ulikuwa wa zamani na wenye heshima, na wito wa ukoo huo ulikuwa neno moja tu, lenye maana ya kuvumilia. Mtaona baadaye kwamba neno hilo alilifanyia kazi kwelikweli. Ndugu yake Richard aliingia katika siasa akawa waziri wa vita. John yeye alipenda kujua mwili wa mtu unavyofanya kazi.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh akahitimu mwaka 1884. Ni chuo kile kile alichokuja kusoma Mwalimu Julius Nyerere tangu 1949 hadi 1952.

Baada ya kuhitimu, Haldane hakukaa hospitalini kungoja wagonjwa. Alikwenda Dundee, mji wa viwanda, kupima hewa. Yeye na wenzake waliingia katika nyumba za maskini usiku wa manane, watu wakiwa wamelala wengi katika chumba kimoja, wakachukua hewa katika chupa na kuipima. Walipima pia hewa ya madarasani na ya mifereji ya maji machafu. Alitaka kujua jambo moja: je, hewa anayoivuta mtu anapolala au kufanya kazi inamfaa au inamdhuru? Swali hilo hakuliacha mpaka kufa kwake.

Kisha akahamia Oxford, ambako mjomba wake alikuwa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya kazi za mwili. Mwaka 1891 alimwoa Louisa Kathleen Trotter. Wakapata watoto wawili: John, aliyekuja kuwa mwanasayansi maarufu, na Naomi, aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu.

Mgodi wa Tylorstown

Zama hizo Uingereza yote iliendeshwa kwa makaa ya mawe. Treni, viwanda, meli na majiko, vyote vilikula makaa. Wanaume, na hata wavulana, walishuka chini ya ardhi kuyachimba. Mara kwa mara gesi na vumbi la makaa vililipuka huko chini, na watu wakafa kwa makumi na mamia.

Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa Tylorstown, kule Wales, ulilipuka. Watu 57 walikufa. Serikali ilikuwa imemwagiza Haldane achunguze vifo vya namna hiyo, naye akaenda kuikagua miili.

Kila mtu alidhani waliokufa waliuawa na kishindo na moto. Haldane aliona jambo jingine. Wengi wao hawakuwa na majeraha ya kuua, na ngozi na damu yao ilikuwa na rangi nyekundu ya kung'aa, kama watu wenye afya njema. Rangi hiyo aliijua. Ilikuwa alama ya gesi iitwayo kaboni monoksidi. Basi wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na hewa iliyobaki baada ya mlipuko, wakiwa wanatafuta njia ya kutokea.

Habari hiyo ilikuwa ya huzuni, lakini ilileta matumaini. Mtu aliyekwisha kupigwa na mlipuko huwezi kumrudisha. Aliyeachwa hai katika hewa mbaya unaweza kumwokoa, ukijua adui ni nani na ukifika mapema.

Kwa nini gesi hii inaua kimya kimya

Watoto, hapa sikilizeni vizuri. Ndani ya damu yetu kuna kitu kiitwacho hemoglobini. Kifikirieni kama daladala. Kazi yake ni kupakia abiria mmoja, oksijeni, kwenye mapafu, na kumshusha kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi ni abiria mkorofi. Inapanda daladala hiyo hiyo, inakamata viti, haitaki kushuka. Nguvu yake ya kushika viti inapita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata kidogo tu hewani, ukiivuta kwa saa nyingi, inajaza gari zima. Oksijeni inabaki kituoni, na mwili unakosa.

Haldane alijuaje mtu hujisikiaje? Aliivuta mwenyewe. Mwaka 1895 alichapisha habari za majaribio hayo. Alikaa akivuta kaboni monoksidi, huku akipimwa damu, akiandika dakika kwa dakika: sasa kichwa kinauma, sasa moyo unakwenda mbio, sasa naona vibaya. Safari moja aliendelea mpaka zaidi ya nusu ya hemoglobini yake ikakamatwa na gesi, naye akashindwa hata kutembea sawasawa.

Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba gesi hii haina harufu, haina rangi wala ladha. Zaidi ya hayo, aliyeathirika huchanganyikiwa akili. Anadhani yu mzima. Anaona hakuna haja ya kutoka.

Sababu nyingine aliieleza mwaka 1905, pamoja na mwenzake Priestley. Waligundua kwamba kinachotusukuma tupumue kwa nguvu ni hasa kuzidi kwa kaboni dioksidi, ile hewa chafu tunayoitoa puani. Ukibana pumzi, hiyo ndiyo inayokulazimisha ufungue mdomo. Lakini mtu anayevuta kaboni monoksidi anaendelea kutoa kaboni dioksidi yake kama kawaida. Kwa hiyo hahisi kukabwa. Mwili haupigi kelele. Ndiyo maana watu hulala usingizi na wasiamke.

Panya na kanari

Kama mwili wa mtu haumwonyi, basi nani atamwonya mchimba migodi? Haldane alijua kwamba viumbe wadogo hupumua haraka na damu yao huzunguka upesi, kwa hiyo sumu huwapata mapema kuliko mtu. Alishauri wachimbaji na waokoaji wabebe panya wadogo au ndege. Ndege walifaa zaidi. Akaja kutumika kanari, yule ndege mdogo wa manjano wa jamaa ya chiriku. Kanari akiyumba na kuanguka kutoka kwenye kijiti chake, watu wote wanatoka mara moja.

Baadaye vilitengenezwa vizimba vyenye chupa ndogo ya oksijeni, ili ndege aliyezimia afunguliwe hewa azinduke. Kanari walitumika katika migodi ya Uingereza tangu 1911 mpaka 1986, walipopokewa na vyombo vya umeme. Hesabuni wenyewe: ni miaka 75.

Baba na mwana

Haldane alimchukua mwanawe John migodini angali mtoto. Inasimuliwa kwamba siku moja, mahali penye gesi ya methani, alimwambia asimame wima na kusema kwa sauti hotuba ya Antonio katika tamthilia ya Shakespeare, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikaitwa Juliasi Kaizari. Mtoto alianza vizuri, kisha pumzi ikamwishia, miguu ikalegea, akaanguka. Pale chini akapata hewa nzuri. Hivyo akajifunza kwamba methani ni nyepesi na hukaa juu, karibu na dari.

Wazazi, msijaribu somo la namna hii! Na kumbukeni, kaboni monoksidi si kama methani. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, nayo husambaa chumba kizima. Kulala sakafuni hakumsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kutoka nje.

Kazi nyingine na miaka ya mwisho

Haldane hakuishia migodini. Mwaka 1908 alitoa utaratibu wa wapiga mbizi kupanda juu kwa vituo, wasiumizwe na viputo vya hewa katika damu. Aliujaribu kwanza kwa mbuzi. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, gesi ya klorini ilipotumiwa dhidi ya askari huko Ubelgiji, alivuka bahari kuichunguza na kusaidia kutafuta vifaa vya kujikinga, naye akajidhuru tena kwa kuivuta.

Hata uzeeni alikuwa safarini. Akiwa na miaka 75 alikwenda Uajemi, ambayo sasa ni Iran, kuchunguza jinsi joto kali lilivyowaangusha wafanyakazi wa mafuta. Ndugu zetu walioko Ghuba wanalijua joto hilo. Aliporudi alipatwa na homa ya mapafu, akafariki Oxford usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 1936.

Haldane na hita yako

Gesi ya majumbani ya zamani ilitengenezwa kwa makaa ya mawe na ilikuwa na kaboni monoksidi ndani yake. Gesi asilia tunayotumia leo haina. Wengine hudhani basi hatari imekwisha. La. Gesi asilia ikiungua bila hewa ya kutosha, inaitengeneza sumu hiyo upya, pale pale sebuleni.

Kwa hiyo hita ya gesi ya ukutani huwa na dohani, yaani bomba la kutoa moshi nje. Bomba hilo likiziba kwa kiota cha ndege, tofali lililoanguka au masizi, moshi hurudi ndani. Wazazi wenzangu, naomba tushike mambo haya:

1. Hita isifungwe wala kutengenezwa na rafiki mwenye mkono mwepesi. Sheria inataka fundi aliyesajiliwa na Gas Safe. Mwombeni kitambulisho na msome nyuma yake kazi anazoruhusiwa.
2. Ikaguliwe kila mwaka. Kama mmepanga, ukaguzi huo ni wajibu wa mwenye nyumba, na mna haki ya kupewa nakala ya cheti. Kudai cheti si utovu wa adabu.
3. Tundu la hewa ukutani lisizibwe kwa tambara, gazeti wala kabati, hata baridi iume vipi. Najua bili ni kubwa. Lakini kama hita yenu inachukua hewa chumbani, tundu hilo ndilo pumzi yake.
4. Angalieni moto. Mwali mzuri ni wa buluu, umetulia. Mwali wa manjano unaocheza, masizi ukutani, au maji mengi kwenye vioo vya dirisha ni dalili mbaya. Zimeni, mwiteni fundi.
5. Nunueni king'ora cha kaboni monoksidi. King'ora cha moshi hakifanyi kazi hiyo. Kiwekwe kama maelezo yake yanavyosema, kwa kawaida mita 1 hadi 3 kutoka kwenye hita, na kijaribiwe kila mwezi. Hicho ndicho kanari wetu.
6. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi, hata kama ni pilau ya harusi.

Sasa nasema kama muuguzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kama mafua lakini bila homa. Jiulizeni: je, nyumba nzima inaumwa pamoja? Je, mkitoka nje mnapata nafuu? Kama ndiyo, zimeni gesi mkiweza kufanya hivyo bila kukawia, fungueni milango, tokeni wote na msirudi ndani. Pigeni 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi kwa England, Wales na Uskoti. Kama mtu amezimia au hali yake ni mbaya, pigeni 999. Mwambieni daktari wazi kwamba mnashuku kaboni monoksidi. Kile kipimo cha kubana kidoleni kisiwadanganye, kwa maana hakiwezi kutofautisha daladala iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu. Huonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Mama mjamzito na mtoto mchanga wapelekwe hospitali hata kama dalili zao ni ndogo.

Maneno ya wiki hii

*Dohani*: bomba au mnara wa kutolea moshi.
*Masizi*: uchafu mweusi unaoachwa na moshi.
*Mwali*: ulimi wa moto. Neno hili lina maana nyingine pia, muulizeni bibi.
*Kuzinduka*: kupata fahamu tena baada ya kuzimia.

Kazi ya nyumbani

1. Kwa nini Haldane aliitazama rangi ya damu ya waliokufa Tylorstown?
2. Kanari alimsaidiaje mchimba migodi?
3. Pamoja na mzazi, tafuta king'ora cha kaboni monoksidi nyumbani kwenu na mbonyeze kitufe cha kujaribia. Andika sentensi tatu: kiko wapi, kililia au hakikulia, na mara ya mwisho hita yenu ilikaguliwa lini. Mkikuta hamna king'ora, andikeni hivyo hivyo. Tutakipangia Jumamosi ijayo.