Jack wa Mawe

Edward Simpson alizaliwa 1815 karibu na Whitby, kule Uingereza. Watu walimuita Flint Jack, Jack wa gumegume, lile jiwe gumu lenye kutoa cheche. Mwaka 1843 mtu mmoja alimuonyesha ncha ya mshale ya watu wa zamani, akamuuliza kama anaweza kutengeneza ingine kama ile. Alihangaika sana. Halafu siku moja akagonga jiwe na chuma cha kufungia mlango wa uzio, kipande chembamba kikatoka. Njo pale alielewa: nguvu peke yake haitoshi, lazima kujua pa kugonga. Sisi wa nyundo tunajua ile.

Alianza kuuzisha mishale na shoka za jana kama za miaka maelfu, mpaka kwenye nyumba za makumbusho. Hatumtetei, aliwadanganya watu. Lakini 1862, kule London, wenye masomo walikusanyika kutazama mikono yake, sababu wao hawakujua kazi ile. Feza aliyopata aliimaliza kwa pombe. Mwaka 1867 akafungwa buloko miezi 12 kwa wizi. Leo makumbusho yanachunga mawe yake, na jina lake limeandikwa pembeni.