Mchungaji Dkt. Richard Reusch na Njia ya Kibo

Miongoni mwa wamisionari wa Kilutheri waliotumika Tanganyika, Mchungaji Dkt. Richard Reusch hukumbukwa kwa Neno alilolihubiri na kwa mlima alioupanda. Alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wajerumani wa Urusi, akasomea theolojia Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, nchini Estonia. Vita na mapinduzi vilipoivuruga nchi yake aliihama, na katika miaka ya 1920 akafika Tanganyika chini ya Misheni ya Leipzig.

Akiwa Marangu alipanda Kilimanjaro mara nyingi. Njia ilipita msituni hadi kibanda cha Bismarck, kisha kibanda cha Peters, vituo ambavyo leo huitwa Mandara na Horombo. Juu yake upo uwanda mkavu wa Tandiko, kati ya Mawenzi na Kibo, uliopita kimo cha mita 4,000. Kutoka hapo mpandaji hukabili mteremko mkali wa changarawe, ambao hupandwa usiku wakati baridi imezishika kokoto.

Mwaka 1926, karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, aliukuta mzoga wa chui uliogandishwa na baridi, akakata sikio moja liwe ushahidi. Ernest Hemingway alimtaja chui huyo katika hadithi yake ya mwaka 1936. Mwaka 1927 Reusch alifika kwenye kreta ya ndani, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Katikati yake limo Shimo la Majivu, lenye kina cha mita 120 hivi, na mvuke wa kiberiti bado hutoka humo.

Safari hizo zisingewezekana bila Wachagga walioongoza njia na kubeba mizigo. Ramani ya mlima inalo jina la mchungaji. Majina ya wengi wao hayamo. Wanastahili kukumbukwa pamoja naye.

Reusch aliandika pia juu ya historia ya Afrika Mashariki, kisha akafundisha katika chuo cha Gustavus Adolphus, Minnesota, Marekani. Alifariki mwaka 1975. Barafu aliyoikanyaga imepungua mno: mwaka 1912 ilienea zaidi ya kilomita za mraba 11, na mwaka 2011 haikufika 2. Kizazi kilichorithi mlima huu kimekabidhiwa pia wajibu wa kuitunza misitu na vijito vyake, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya Muumba.