Sir David Bruce: Ramani Iliyomfichua Mbung'o

Taaluma ya kuzigeuza takwimu kuwa michoro imeota mizizi katika magazeti na runinga za siku hizi. Hata hivyo, fuo za Ziwa Viktoria, kuanzia Buganda na Busoga hadi Samia, chini ya vilima vya Funyula, ziliwahi kuchorewa ramani iliyoamua hatima ya maelfu ya watu kabla ya kompyuta kuwako. Miongoni mwa waliohusika na kazi hiyo, jina lililovuma zaidi ni la David Bruce.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 29 Mei 1855, na wazazi wenye asili ya Uskoti. Alikulia mjini Stirling, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili afanye kazi, kisha akarejea masomoni na kuhitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1881. Mwaka 1883 alijiunga na idara ya tiba ya jeshi la Uingereza. Mwaka huohuo alimwoa Mary Elizabeth Steele, aliyekuwa mchoraji hodari na msaidizi wake wa maabara. Kile ambacho Bruce alikiona katika hadubini, Mary alikiweka karatasini kwa wino na rangi, ili na wengine wakione.

Katika kisiwa cha Malta, Bruce aligundua kijidudu cha homa iliyokuwa ikiwaua askari. Kuanzia mwaka 1894, huko Zululand, alithibitisha kwamba nagana, maradhi yaliyoangamiza ng'ombe, husababishwa na kimelea kinachoenezwa na mbung'o. Ujuzi huo ndio aliokwenda nao Entebbe mnamo Machi 1903, wakati malale ilipokuwa ikifyeka vijiji vya ufuoni. Aldo Castellani alikuwa tayari amekiona kimelea cha namna hiyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Suala la nani astahili sifa ya ugunduzi huo lilizua mzozo mkali baadaye. Swali lililobaki lilikuwa: ni nani amchukuaye mdudu huyo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu?

Pamoja na kuwajaribu mbung'o kwa kuwaumisha nyani, Bruce aliona haja ya kuuliza nchi nzima. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu na wamisionari waliombwa wakusanye nzi wanaouma, kila furushi likiambatana na jina la mahali na taarifa kama ugonjwa ulikuwapo au la. Taarifa hizo ziliwekwa kwenye ramani mbili, moja ya malale na nyingine ya mbung'o. Zilipolinganishwa, zilioana: ukanda mwembamba uliokumbatia ziwa na visiwa vyake. Hoja ilikuwa pia katika sehemu tupu, kwani pasipo na mbung'o, malale haikuenea.

Mpaka uliohamishwa mwaka 1902, na kuwagawa Wasamia kati ya Uganda na Afrika Mashariki ya Kiingereza, haukuwa na maana mbele ya ramani hiyo. Mbung'o alifuata vichaka vya majini, naye hakujua mto Sio ulikuwa wa utawala upi.

Hata hivyo, ramani ilijibu swali la wapi, haikujibu swali la vipi. Bruce alidhani nzi hubeba kimelea mdomoni tu kama sindano chafu. Mwaka 1909, Mjerumani Friedrich Kleine alithibitisha kuwa kimelea hukua kwanza ndani ya mbung'o. Aidha, kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka ufuo na visiwa vya Uganda. Maambukizi yalipungua, lakini wavuvi waling'olewa kwenye riziki na makaburi ya wazee wao. Kufikia hapo, makadirio ya waliokufa nchini Uganda yalikuwa yamepita 200,000.

Bruce alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1908, akarudi Uganda mwaka huohuo, kisha akafanya utafiti Nyasaland hadi mwaka 1914. Mary alifariki tarehe 23 Novemba 1931, naye Bruce akamfuata siku nne baadaye. Kimelea cha Trypanosoma brucei kingali na jina lake. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeitokomeza malale kama tatizo la afya ya umma.

Majina ya waliokamata nzi vichakani, wakijihatarisha kuumwa na mdudu waliyemtafuta, hayakuandikwa kwenye ramani. Kidole kimoja hakivunji chawa: kila nukta iliyomjengea Bruce sifa iliwekwa na mkono wa mwenyeji. Anayesoma mchoro wowote wa takwimu hana budi kuuliza nukta zake zimetoka kwa nani, na uamuzi utakaofuata utamwangukia nani.