De Laval: fundi wa malai aliyetufungulia njia ya benki ya damu

Likitajwa jina la Gustaf de Laval barazani Kibokoni, au kwenye mabao ya kahawa ya Mji wa Kale, sidhani kuna atakayenyanyua kichwa. Si mchezaji mpira, si gavana, wala si mwanachuoni. Lakini kila baharia wa Mombasa aliyewahi kushuka chumba cha injini ameikuta kazi yake huko chini, katika ile mashine inayozunguka kwa kasi kuyatenga mafuta na maji na taka, ambayo wenyewe huiita pyurifaya. Na kila mgonjwa aliyetundikiwa mfuko wa damu iliyotengwa sehemu sehemu, fundi huyu ana mkono wake humo, ingawa alifariki mwaka 1913 na kazi yake kubwa ilikuwa ya maziwa.

Nimeona nimsimulie leo kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake ni funzo kwa vijana wetu wanaopenda ufundi. Pili, kuna jambo la damu hapa kwetu Pwani ambalo twalizungumza vibaya, na nadhani tukimwelewa mtu huyu tutalizungumza vizuri zaidi.

Jina lake kamili ni Carl Gustaf Patrik de Laval. Alizaliwa tarehe 9 Mei 1845 katika kijiji cha Orsa, jimbo la Dalarna, nchini Uswidi. Jina la ukoo lina sauti ya Kifaransa kwa kuwa wazee wake walitoka Ufaransa na kuhamia Uswidi katika karne ya 17. Alisomea uhandisi Stockholm, akahitimu mwaka 1866. Kama vijana wengi wenye vyeti tunaowaona mitaani, hakupata mara moja kazi iliyomfaa. Alifanya kazi katika kampuni ya migodi ya shaba ya Stora Kopparberg, kisha akarudi darasani, safari hii Chuo Kikuu cha Uppsala, na mwaka 1872 akatoka na shahada ya udaktari katika kemia. Kwa hivyo mkono mmoja alikuwa na uhandisi, mkono wa pili kemia. Mchanganyiko huo ndio uliomtoa.

Baadaye aliajiriwa katika kiwanda cha chuma cha Kloster, na hapo ndipo akili yake ilipogeukia maziwa. Shida ya wakati ule inaeleweka na kila mama wa Kiswahili. Ukikamua tui la nazi ukaliacha litulie, baada ya muda utaona tui zito limepanda juu na maji yamebaki chini. Wanaopika mafuta ya nazi huisubiri hali hiyo, kisha huengua la juu. Maziwa ni vivyo hivyo. Malai ni mepesi kuliko maziwa yenyewe, kwa hivyo hupanda. Lakini hupanda kwa mwendo wa kobe. Wafugaji wa Ulaya walimwaga maziwa kwenye sinia pana, wakayaacha saa nyingi, hata usiku kucha, ndipo wakaengua malai ya kutengenezea siagi. Muda wote huo maziwa yalikuwa hatarini kuchacha.

Mjerumani mmoja, Wilhelm Lefeldt, alikuwa ameshatumia mzunguko kuharakisha jambo hilo. Kanuni yenyewe hata mtoto anaijua. Zungusha ndoo ya maji kwa kasi juu ya kichwa, maji hayamwagiki, yanagandamana na kitako cha ndoo. Kitu kinachozungushwa husukumwa nje, na kilicho kizito husukumwa zaidi. Basi ukizungusha maziwa, yaliyo mazito hukimbilia ukingoni na malai hubaki katikati. Kasoro ya mashine ya Lefeldt ni kwamba ilibidi uijaze, uizungushe, uisimamishe, uengue, kisha uanze upya.

De Laval alisoma habari za mashine hiyo mwaka 1877 na akaona pa kuingilia. Alitaka mashine isiyosimama: maziwa yaingie kwa mfululizo kupitia katikati, malai yatoke kwa tundu moja, na maziwa yaliyoenguliwa yatoke kwa tundu jingine, huku chombo kinaendelea kuzunguka. Mwaka 1878 alikuwa nayo. Mwaka huo huo alishirikiana na mfanyabiashara Oscar Lamm kuianzishia kampuni, na mwaka 1883 ikawa kampuni kubwa iliyoitwa AB Separator. Hiyo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la Alfa Laval. Neno Alfa lilitokana na uvumbuzi wa mtu mwingine, Mjerumani Clemens von Bechtolsheim, aliyefikiria kupanga visahani vyembamba vya chuma ndani ya chombo ili maziwa yapite katika tabaka nyembamba na kutengana upesi zaidi. Kampuni iliinunua hakimiliki hiyo, na mashine ikawa na nguvu mara kadhaa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu watu hupenda kumpa mtu mmoja sifa yote. Ufundi haujengwi na mtu mmoja.

Mashine ya malai ilienea duniani. Hata Kenya, walowezi wa bara walitenga malai kwa mashine za mkono za aina hii kabla ya kuyapeleka kwenye viwanda vya siagi, na ndiyo maana ushirika wa KCC ulioanzishwa mwaka 1925 ulibeba jina la malai, si la maziwa.

De Laval hakutulia. Mashine yake ilihitaji kuzungushwa kwa kasi kuliko farasi au mkono wa mtu ulivyoweza, kwa hivyo akatengeneza tabo ya mvuke ya kuiendesha. Akagundua kwamba mvuke ukipitishwa katika mdomo wa bomba uliobanwa katikati kisha ukapanuka, hutoka kwa kasi ya ajabu. Tabo yake ikafikia mizunguko 30,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mhimili mnene wa chuma hutetemeka mpaka mashine ikavunjika. Yeye akafanya kinyume na walivyotarajia wengi: akatumia mhimili mwembamba unaonyumbulika, ukawa unajitafutia wenyewe mizani yake. Mdomo ule wa bomba wenye umbo la kiuno hadi leo unaitwa kwa jina lake, na umo katika kila roketi. Hata roketi zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini kule Ngomeni, karibu na Malindi, ikiwemo ile iliyobeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, zilipumua kupitia mdomo wa aina hiyo.

Sasa tuje kwenye damu. Katika miaka ya 1880, De Laval alibuni pia kifaa kidogo cha kupimia kiasi cha mafuta ndani ya maziwa. Unaweka maziwa kidogo kwenye vijipu vyembamba, unazungusha, kisha unasoma urefu wa tabaka. Kilimfaa mnunuzi aliyetaka kujua kama ameuziwa maziwa au maji. Wanasayansi wa nchini kwake walikitazama kifaa kile wakajiuliza: vipi tukitia damu? Mwaka 1891, Magnus Blix alikuwa na kifaa cha kupimia damu kilichoigwa kutoka kile cha maziwa. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo hospitalini kujua mtu ana upungufu wa damu kiasi gani. Mama mja mzito anapoambiwa damu yake iko chini, ajue kwamba chimbuko la kipimo hicho ni sokoni kwa wauza maziwa.

Kwa kuwa damu nayo ni mchanganyiko kama tui. Chembe nyekundu, zinazobeba hewa safi, ni nzito, hukimbilia chini. Juu yake huwa na utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani, hizi za mwisho zikiwa ndizo zinazoziba jeraha ili damu igande. Juu kabisa hubaki plazma, maji ya rangi ya manjano hafifu, ambayo ni zaidi ya nusu ya damu yote.

De Laval mwenyewe hakuifuata njia hiyo. Mikono yake ilikuwa imejaa. Alikuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Uswidi, akawa mbunge, akapata hakimiliki 92 nchini kwake na kuanzisha kampuni 37. Kila faida iliyopatikana kwenye malai aliimwaga katika jaribio jipya, kuanzia umeme na uyeyushaji wa madini hadi mashine ya kukamulia ng'ombe, ambayo haikufaulu katika uhai wake. Wahenga wamesema mshika mawili moja humponyoka. Huyu alishika thelathini na saba. Alifariki Stockholm tarehe 2 Februari 1913, akiwa na umri wa miaka 67, mali imekwisha na madeni yamebaki. Mtu aliyewatajirisha wengi hakuacha utajiri wake mwenyewe.

Lakini fikra ilibaki. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Edwin Cohn, mwanakemia wa Harvard, alifanya kazi kubwa ya kutenga protini za plazma kwa ajili ya majeruhi. Baada ya vita, mnamo mwaka 1951, alitaka mashine itakayopokea damu ya mtu na kuitenga papo hapo, na mfano alioutumia ulikuwa mashine ya malai ya De Laval. Cohn alifariki mwaka 1953. Chombo chake cha chuma kilikuwa kizito, na kila baada ya kutumika kilihitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa uangalifu mkubwa, jambo la hatari katika kazi ya damu. Hapo akaingia mhandisi wa mitambo Allen Latham, ambaye wenzake walimwita Jack. Alitengeneza bakuli la kuzungushia damu ambalo hutumika mara moja kisha hutupwa. Damu hutoka mkononi mwa mtu, huzungushwa, kinachohitajika huchukuliwa, na kilichobaki humrudia mwenyewe. Mwaka 1971 Latham alianzisha kampuni ya Haemonetics juu ya kazi hiyo. Miaka michache kabla yake, George Judson, mhandisi wa IBM aliyekuwa na mtoto mgonjwa wa saratani ya damu, alishirikiana na madaktari wa taasisi ya saratani ya Marekani kutengeneza mashine nyingine ya kutenga damu bila kusimama. Kutoka sinia la maziwa mpaka kitanda cha mgonjwa, wazo ni lile lile moja.

Yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu sana. Mombasa imepigwa na homa ya dengi zaidi ya mara moja, na mlipuko wa 2013 na 2014 wengi twaukumbuka. Mimi binafsi nilimuuguza mpwa wangu kwa homa hiyo, na ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia daktari akitaja chembe sahani. Nyumbani tulikuwa tumeshughulika na maji ya majani ya mpapai. Ukoo mzima ulifika hospitalini kujitolea damu, kila mtu akidhani itachukuliwa kwake na kumwagwa moja kwa moja kwa kijana. Hakuna aliyetueleza kwamba damu hupimwa kwanza, kisha huzungushwa na kutengwa, na kwamba yote hayo yanahitaji muda.

Ukitoa damu, mfuko mmoja ni kama mililita 450. Ukitengwa, chembe nyekundu zaweza kwenda kwa mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua au mtoto wa selimundu, maradhi yanayowasumbua watoto wengi wa Pwani. Plazma yaweza kwenda kwa aliyeungua moto. Chembe sahani zaweza kwenda kwa mgonjwa wa saratani. Watu watatu kwa mfuko mmoja. Lakini sehemu hizi hazina umri sawa. Plazma iliyogandishwa hukaa hata mwaka. Chembe nyekundu hukaa wiki tano au sita kwenye jokofu. Chembe sahani hukaa siku tano tu, basi, tena zikitikiswa muda wote.

Tafakarini hizo siku tano. Maana yake ni kwamba mtindo wetu wa kungoja mpaka jamaa yetu alazwe, kisha tukusanyane kwa simu na ujumbe wa makundi ya mtaa, hauwezi kuitosheleza kazi hii. Benki ya damu haiwezi kuweka akiba ya chembe sahani za mwezi ujao. Inahitaji watu wanaokwenda kwa zamu, wiki hii hawa, wiki ijayo wale. Nchini kwetu mzigo mkubwa umebebwa na wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa mabenki hukauka. Sisi watu wazima wa Mvita tuko wapi?

Rai yangu ni nyepesi. Kila msikiti una jamaa zake na kila mtaa una timu yake ya mpira. Tugawane miezi. Kuzze wachukue wao, Kibokoni wao, Makadara wao. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Mwezi wa Ramadhani twaweza kupanga iwe baada ya futari na Tarawehe, na mashekhe wetu watuongoze katika hilo. Na serikali ya kaunti nayo tuidai kwa sauti moja: mashine za kutenga damu, vitendanishi vya kupimia na umeme usiokatika, maana damu ya kujitolea isiyoweza kutengwa humfaa mtu mmoja badala ya watatu.

Twaijua sote ile aya ya Suratul Maida kuhusu kuihuisha nafsi moja. De Laval hakuwa wa dini yetu, na alikuwa akishughulika na siagi. Mwenyezi Mungu akaijaalia kazi ya mikono yake kuwafikia wagonjwa wa mji ambao huenda hakuwahi kuusikia. Sisi hatuhitaji kuvumbua kitu. Mashine zimeshabuniwa. Kinachokosekana ni cha kutia ndani yake, na hicho kimo mishipani mwetu.

Wabillahi tawfiq.