Maisha ya Samuel Johnson, Mtunga Kamusi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wanafunzi wa shule yetu hufungua kamusi ya Kiingereza karibu kila siku, lakini ni wachache wajuao habari za watu waliotaabika ili tupate kitabu hicho. Katika makala haya nataka kueleza maisha ya mmoja wao, Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ilitolewa London mwaka 1755. Nimemchagua huyu kwa sababu alikuwa na upungufu wa macho na masikio, na juu ya hayo aliwapita waliomtangulia katika kuonyesha jinsi neno moja la Kiingereza liwezavyo kubeba maana nyingi.

Johnson alizaliwa mwezi wa Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Baba yake, Michael, alikuwa muuza vitabu, lakini biashara hiyo haikumtajirisha. Mtoto alipokuwa bado mchanga alipatwa na ugonjwa wa tezi za shingo, ambao ni namna ya kifua kikuu. Jicho lake la kushoto likawa karibu kipofu, sikio la kushoto halikusikia vizuri, na uso ukabaki na makovu. Siku zile Waingereza wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huponywa kwa kuguswa na mfalme. Kwa hiyo mwaka 1712 mama yake alimchukua mpaka London, akaguswa na Malkia Anne, lakini hakupona.

Alikua akisoma vitabu vya dukani mwa baba yake, na mwaka 1728 aliingia Pembroke College, katika Chuo Kikuu cha Oxford. Baada ya miezi kumi na mitatu fedha zilikwisha, akatoka bila shahada. Alitafuta kazi ya ualimu, lakini alikataliwa mahali pengine, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na tabia ya kutikisika na kujipinda pasipo yeye kutaka, nao wenye shule walihofu kwamba watoto watamcheka. Mwaka 1735 alimwoa mjane aitwaye Elizabeth Porter, wakafungua shule yao wenyewe huko Edial, karibu na Lichfield. Wanafunzi walikuwa wachache mno. Mmoja wao, David Garrick, baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri sana. Shule hiyo ilikufa, na mwaka 1737 mwalimu na mwanafunzi wake walifunga safari pamoja kwenda London kutafuta maisha.

Huko Johnson aliandika magazetini kwa malipo madogo. Mwaka 1746 wauza vitabu kadhaa walifanya mkataba naye atunge kamusi ya Kiingereza kwa pauni 1,575. Akaahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Ahadi hiyo ilikuwa kubwa, maana Akademia ya Ufaransa, yenye wajumbe arobaini, ilikuwa imetumia zaidi ya miaka hamsini kutunga kamusi ya Kifaransa. Johnson alikuwa na makarani sita tu, na mishahara yao ilitoka katika pauni zile zile.

Kazi ilifanyika katika orofa ya juu ya nyumba yake ya Gough Square. Johnson alisoma vitabu vya waandishi wazuri, akapiga mstari chini ya neno alilolitaka, kisha makarani wakanakili sentensi nzima katika vipande vya karatasi. Mwanzoni maneno yaliandikwa katika madaftari, lakini nafasi zilizoachwa hazikutosha, maana kila alipozidi kusoma alizidi kukuta maana mpya. Ikambidi aanze tena kwa mpango mwingine. Watunga kamusi wengi wa Kiingereza waliomtangulia walitoa maelezo mafupi na kuendelea. Yeye alizitenga maana moja moja, akazipa namba, na kuzitilia mifano kutoka vitabuni. Neno "take" peke yake alilipa maana zaidi ya 130.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaojiandaa kwa mtihani. Wako wanafunzi wanaokariri orodha, neno moja la Kiingereza kwa neno moja la Kiswahili: "see" ni kuona, "hear" ni kusikia, basi. Lakini Mwingereza akielezwa jambo akajibu kwamba "ana-see", maana yake ameelewa, hata kama amefumba macho. Tena neno hilo ni kwenda kuonana na daktari, ni kumsindikiza msafiri, na ni kuhakikisha kwamba kazi imefanyika. Jaji naye "hu-hear" kesi. Asiyejua hudhani jaji alipata fununu za kesi hiyo barabarani, kumbe alikaa kitini akaisikiliza mpaka mwisho. Neno "oversight" ni gumu zaidi, maana laweza kuwa usimamizi wa kazi, na laweza kuwa kosa la mtu aliyepitiwa asione. Msomaji asiyetazama sentensi nzima atamsifu aliyekosea.

Tusidhani kwamba lugha ya Kiingereza peke yake ina mambo haya. Sisi husema mtu anaona haya na anaona njaa, wala vitu hivyo havionekani. Twasema twasikia harufu, ingawa harufu haiingii masikioni. Na mtoto asiyesikia, ambaye wazazi humlalamikia, mara nyingi ana masikio mazima kabisa.

Kamusi ilichukua miaka tisa badala ya mitatu. Katikati ya kazi, mwaka 1752, mkewe alifariki, na Johnson akahuzunika sana. Bwana mkubwa mmoja, Lord Chesterfield, aliyetazamiwa kuwa mfadhili wake, hakumjali miaka hiyo yote. Kamusi ilipokaribia kutoka ndipo alipoisifu gazetini. Johnson alimwandikia barua ya adabu lakini kali, akikataa msaada uliochelewa. Tarehe 15 Aprili 1755 kamusi ilitoka katika vitabu viwili vikubwa, yenye maneno zaidi ya 42,000. Alianza akitumaini kuizuia lugha isibadilike. Katika dibaji yake alikiri kwamba hakuna mtu awezaye kufanya hivyo.

Sifa hazikumwondolea umaskini. Mwaka 1756 alikamatwa kwa deni la chini ya pauni sita, akaokolewa na rafiki. Mwaka 1759 mama yake alipofariki, aliandika upesi hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, ili apate fedha za mazishi. Mwaka 1762 ndipo serikali ilipompa pensheni ya pauni 300 kila mwaka.

Inasimuliwa kwamba siku moja mchoraji William Hogarth alimkuta mtu dirishani akitikisa kichwa na kujipinda, akamdhania kuwa punguani. Ghafla mtu yule akaanza kusema, na Hogarth akashangazwa na akili iliyokuwa katika maneno yake. Alikuwa ni Johnson. Macho ya Hogarth yalimdanganya, masikio yakamsahihisha.

Johnson aliuchukia utumwa. Nyumbani kwake aliishi Francis Barber, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica. Johnson alimlipia masomo katika shule ya Bishop's Stortford, na alipofariki tarehe 13 Desemba 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake, pamoja na pauni 70 kila mwaka. Alizikwa Westminster Abbey, London.

Basi, ndugu wanafunzi, tufungue kamusi kwa subira. Tukikuta maana ya kwanza tusiifunge upesi, bali tusome ya pili na ya tatu, kisha tuirudie sentensi tuone ni ipi inayofaa. Na kama darasani mwetu yumo mwenzetu asiyeona vizuri ubaoni, au asiyesikia vizuri anaposemeshwa, tumpishe akae mbele wala tusimcheke. Mtu aliyewafundisha Waingereza maana za maneno yao aliona kwa jicho moja na kusikia kwa sikio moja.